Mama Mkwe Alipopita Mbele ya Kinanda

Mume wangu Bernado ni mtu wa sala, hilo sibishi, lakini ujanja wake ungetosha watu watatu na mwingine ukabaki. Amepiga kinanda kanisani kwetu Kamunyonge tangu enzi za foleni ya sabuni, wakati kinanda chenyewe kilikuwa kile cha kukanyaga kwa miguu, kimezibwa viraka vya tyubu ya baiskeli. Kilikuwaga kinahema kuliko kuimba. Hata hivyo watu walimpenda. Ana tabia yake moja: akiukaribia mstari wa mwisho wa wimbo anasita kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu mlangoni, halafu ndiyo anaumalizia. Kwaya nzima ilishazoea kumsubiri hapo.

Baadaye mambo yakafunguliwa, maduka yakajaa, parokia ikapata kinanda cha umeme na kompyuta ya mtumba niliyokuwa nachapia barua, maana mimi ndiye karani pale. Na wakati huohuo vidole vya Bernado vikaanza kugoma. Viwili vya mkono wa kulia vilikakamaa, havikunjiki. Daktari akasema tatizo ni baridi yabisi. Bernado akasema tatizo ni daktari.

Makongoro, mwenyekiti wa kwaya, hakuzunguka mbuyu. Alisema sikukuu ya parokia ikifika, kama Bernado atauharibu wimbo wa sadaka, kiti atapewa Keraryo, kijana aliyehamia kwetu kutoka Nyasura kule Bunda. Keraryo hana ubaya, ila enzi hizo alipigaga nyimbo za kanisa kama vile baa ya jirani ndiyo inasubiri zamu yake. Usiku ule Bernado aliacha kichwa cha sato sahanini. Nikimwona mume wangu ameacha kichwa cha sato, najua kuna msiba.

"Mama Nyangi," akaniambia, "wakininyang'anya kile kiti, Jumapili nitakuwa nani mimi?"

Iliniuma sana.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na programu ya muziki ambayo hakuna aliyewahi kuigusa. Nilimwonyesha, na hapo nikajitakia makubwa. Paroko alituruhusu kubaki ofisini jioni, akidhani tunachapa nyimbo za sikukuu. Kulikuwa na waya wenye vichwa viwili, kimoja cha kupokea, kingine cha kutoa. Sisi, kama watu wenye akili zetu, tukachomeka cha kupokea kwenye tundu la kupokea na cha kutoa kwenye la kutoa. Kimya. Bernado akaanza kuilaani mitumba yote ya dunia. Mimi nimelea watoto sita, nikamwambia hapa wote wawili wanaongea na hakuna anayesikiliza, ebu tuvipishanishe. Tukapishanisha, akabonyeza kinanda, na kwenye kioo kikatokea kijistari kwa kila sauti. Jamani, tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Programu ile ina huruma na wazee. Unaipunguza mwendo mpaka inatembea kama msafara wa maziko, unapiga mkono wa kushoto leo, wa kulia kesho, kwa vidole ulivyonavyo, kisha unairudisha kwenye mwendo wake. Sauti iliyokosewa unaifuata na kuitoa, kama jiwe kwenye mchele. Kuna na mahali pa kunyoosha mapigo yote yakae sawasawa. Nikabonyeza. Wimbo ukaanza kutembea kama mgambo kwenye gwaride, na kile kisito cha mwisho kikapotea kabisa.

"Rudisha," Bernado akasema. "Hapo umeniondoa mimi."

Nikarudisha.

Mpango wake ulikuwa huu. Ofisi imepakana na upande wa kwaya, na ukutani kuna tundu la nyaya za zamani. Kompyuta ingekaa kwangu, kinanda kwake, waya ukipita tunduni. Kinanda kina namna ya kunyamazisha vidole vya mpigaji kikawa kinaisikiliza kompyuta tu. Yeye angekaa na kuchezesha mikono kwa heshima zote, mimi ningeanzisha wimbo akigusa kola ya shati. Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi. Akasema yetu ni ya mita chache tu, hadi ukutani.

Sikukuu ikafika. Kwetu wimbo wa sadaka hauishi mpaka mtu wa mwisho ametoa, na kwaya imefundishwa hivyo: watu wanakuja na ndizi, udaga wa muhogo, samaki furu wakavu, kuku, na wimbo unawasubiri. Kwa hiyo tulikuwa tumeunganisha beti mpaka nikachoka. Bernado akagusa kola, nikabonyeza. Weee! Kinanda kiliimba kama zamani. Kwa tundu langu niliona Keraryo ameachama, na Makongoro akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikajisifu kimoyomoyo.

Ndipo akatokea mama yangu.

Mama yangu Boke anaishi kisiwani Rukuba, na alikuwa amevuka kwa mtumbwi wa asubuhi bila kutuambia. Alikuja na jogoo kwapani, akapita mbele kabisa ya kinanda. Sasa kwetu mama mkwe akipita, mwanamume hakai. Anasimama, anapisha, anatazama chini. Bernado ameishi hivyo tangu anioe. Hajawahi kumpa mkono mama yangu, wala mama hajawahi kumsemesha ila kwa kupitia kwangu. Miguu yake haikumuuliza kichwa. Aliinuka, akasogea pembeni, mikono nyuma, macho sakafuni.

Kinanda kikaendelea. Na kilikuwa kimefika pazuri.

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuzimia. Nikizima, wimbo utakufa na watu wote watageuka. Nikiacha, wameshageuka. Nikaacha. Kwaya iliimba macho yametoka. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba mara mbili. Mama yangu akakabidhi jogoo, akarudi taratibu, akakaa, na Bernado naye, bila aibu hata kidogo, akaketi na kurudisha vidole juu ya kinanda.

Baada ya misa viongozi wa kwaya wakamwita barazani. Makongoro alikuwa amevimba. Alisema huu ni udanganyifu mbele ya altare, kiti kitoke leo.

"Nihukumuni," Bernado akasema, "ila nilijue kosa langu. Ni kukaa, au ni kusimama?"

Hakuna mwanamume aliyethubutu kusema angebaki amekaa, maana wake zao walikuwa palepale wakisikiliza. Makongoro akakohoa. Akasema kosa ni kwamba iliyopiga ni mashine, si yeye. Hapo Bernado akatazama vidole vyake, na nikajua amekata tamaa. Nilitamani kulia.

Mama yangu alikuwa ameketi nyuma yangu, amempa mkwewe mgongo. Akanisemesha mimi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Waambie. Nilipokuja kumchunguza huyu kabla hajakuoa, nilimsikia kanisani akisita pale mwishoni. Nikasema, huyu anafikiri kabla ya kumaliza jambo, apewe binti. Leo nimemsikia akisita palepale. Kama hiyo ni mashine, basi mwanangu nilimwoza kwa mashine."

Bernado aligeukia ukuta, mabega yakitikisika. Keraryo akasema hicho kisito yeye amekijaribu mwaka mzima na hakiwezi, akaomba afundishwe, na waya ule pia. Makongoro akabaki hana pa kushika.

Kiti bado ni cha Bernado, na waya bado unapita tunduni. Keraryo anampigia nyimbo za mbio, na anakuja kwetu jioni kula sato wangu kwa kisingizio cha masomo.

Mama ana njia tatu za kufika altareni. Kila sikukuu anachagua ileile. Mkwewe anainuka, anatazama chini, na kanisa zima linakitazama kinanda kinachojipigia. Wimbo ukifika karibu na mstari wa mwisho unasita, na mama, nimemwona kwa tundu langu, anasita naye hatua moja, halafu anaendelea.