Mgomba wa Respicius

Respicius wa Bukoba alikuwa na miaka arobaini na ushee, na hakuna duka la Guangyuan Xilu, mtaa wa maduka ya jumla kule Guangzhou, Uchina, lililowahi kumshinda kwa bei. Lakini kumwambia Edina neno moja la posa kulimshinda misimu mitatu. Edina, mfanyabiashara mwenzake kutoka Muleba, alikuwa anarudi nyumbani Jumamosi, na Respicius alijiapiza kwamba mwaka huu wa 1998 haondoki mtu bila jibu.

Badala ya kufungua kinywa, akatafuta nembo. Aliona makoti yenye ngao kifuani, na ndani ya ngao mwaloni mkubwa, akaona washenga wake wakivaa hivyo watapokewa kama watu. Akamwonyesha Edina koti moja, akijifanya anaomba ushauri wa biashara.

"Mwaloni?" Edina alicheka mpaka wapagazi wakageuka. "Ulishawahi kuuona hata mmoja, wewe?"

"Wazungu wanasema ni nguvu na maisha marefu."

"Waachie wenyewe. Sisi wetu ni mgomba. Ndio tunaokula, na tukifa tunazikwa humo humo kwenye migomba."

Mbio, Respicius akaenda kwa mama mmoja wa Kichina aliyekuwa akidarizi nguo ghorofa ya tatu, akamchorea mgomba. Kazi ilitoka nzuri kwelikweli: ngao ya kijani, shina limesimama wima, mkungu umeinama kwa adabu. Akamleta Edina aione, yeye kifua mbele.

Edina akaigeuzageuza. "Machipukizi yako wapi?"

"Machipukizi gani?"

"Mgomba ukishazaa unakufa, Respi. Ukiuona peke yake hivi, ujue hapo kwa watu pamefungwa, ukoo umekwisha. Hata hilo umesahau? Guangzhou imekumaliza!"

Safari hii Respicius hakujifanya. "Sikusahau. Baba hayupo, kaka zangu wote hawapo. Nimebaki mimi. Nimechora kilichopo."

Aliogopa mara tu alipolisema. Edina akachukua chaki ya fundi, akachora chipukizi dogo ubavuni mwa shina.

"Laoban," akamwita yule mama mwenye cherehani, yaani bosi kwa Kichina, akipagonga kwa kidole. "Na hapa."

Akamgeukia Respicius. "Ulidhani sijui makoti ni ya nani? Hao washenga wako waje kwetu na mkungu wa kweli. Ngao haipikiki."