Manowari za Gatuanyaga

Iko siku moja ya usichana wangu ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na leo nitakusimulia nikiwa na hasira, kwa hivyo kaa chini na uiweke hiyo simu mfukoni. Wewe ni mjukuu wangu, lakini umebeba jina la babu yako Njoroge, na kwa desturi yetu hiyo inakufanya mume wangu. Mke ana ruhusa ya kumgombeza mumewe akiwa nyumbani kwake. Leo nitaitumia ruhusa hiyo yote.

Nimeambiwa kwamba wewe na Barasa hamsemezani. Barasa, ambaye mmefungua naye karakana ya kuchomelea mageti hapo Ruiru, na ambaye huniita cucu, nyanya yake, ingawa kwao ni Bungoma. Nikauliza, wamegombania msichana? Nikaambiwa la, ni manowari. Ati wewe unashabikia meli za vita za taifa moja kubwa, yeye za lingine, mkaonyeshana video mpaka mkashikana mashati. Na sasa mmechora mstari wa chaki katikati ya karakana, kila mtu na upande wake, na mwisho wa mwezi mnaachana kabisa. Watu wazima wenye ndevu, ambao hata bahari hamjawahi kuiona. Nilishindwa kumaliza chai.

Sikiza basi.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru, na mimi nilikuwa msichana wa kutosha kubeba debe la maji kichwani. Baba alikata mkonge kwenye shamba kubwa la mzungu kule Gatuanyaga, na tuliishi kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa msururu. Laini zilikuwa mbili, ya juu na ya chini. Sisi tulikaa ya chini. Tata Wairimu, dada ya mama, alikaa ya juu na mumewe. Hao dada wawili walifuatana kuzaliwa, na jioni haikupita bila mmoja kwenda kwa mwenzake kuomba chumvi au kaa la moto.

Meneja tulimwita Kapteni, kwa sababu ujana wake aliutumikia kwenye manowari za milki yao. Asubuhi wanaume wakipanga foleni kupewa kazi, yeye aliwahubiria habari za meli. Milki yao ilikuwa ikishindana na wakubwa wenzake baharini. Hao wakiunda manowari moja, wao wanaunda mbili, na mkonge wetu ndio uliosokotwa kamba za kufungia hizo meli. Wanaume waliitikia kwa kichwa. Nani angethubutu kumuuliza hayo yanatuhusu nini?

Sasa siku moja Kapteni akaleta mbao mbili zilizopakwa rangi. Laini ya juu akaitundikia ubao wa Simba, akasema hilo ndilo jina la manowari yake ya zamani. Ya chini akaitundikia Nyangumi, manowari ya adui wake. Nyangumi, huku kwetu ambako hata kambare alikuwa mgeni. Halafu akatoa amri: laini itakayokata mafungu mengi ya mkonge wiki hiyo ndiyo itakayochota maji kwanza. Na wewe unajua Gatuanyaga ilivyo kavu. Maji yaliletwa na trekta ndani ya tangi, na aliyechota mwisho alipata matope.

Wee, ungeona watu walivyobadilika. Walitungiana nyimbo za matusi. Watoto wa juu wakakatazwa kucheza na sisi. Na wale wanaume, ambao walikuwa wameukata mkonge tangu wakiwa vijana, wakafanya kitu ambacho mkata mkonge hafanyi. Mkonge unakata majani ya nje, yale ya katikati yaliyosimama wima unayaacha, ili mmea uendelee kuishi. Wao wakaanza kukata mpaka ndani. Baba alijua ni vibaya, na wote walijua. Lakini Simba wakikata jani moja la ndani, Nyangumi walikata mawili, na kila upande ulisema ni wale wengine walioanza.

Mama alijifungua wiki ambayo sisi tulikuwa tumeshindwa. Mwanamke akizaa, mwanangu, dada zake ndio wanaomletea maji, kuni na uji. Ilikuwa hivyo tangu zamani na hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Tulingoja Tata, Tata hakuja. Mama alikuwa amepoteza damu nyingi, midomo imekauka, hata maji ya kuoshea mtoto hayakuwepo. Nikachukua debe nikakimbia kwenye tangi. Nani nikamkuta ameshika bomba? Tata Wairimu.

"Tata, mama amejifungua. Ana kiu sana, na mtoto hajaoshwa."

Aliwatazama wanawake wenzake kabla ya kunijibu. "Nyangumi wangoje zamu yao."

Dada yake alikuwa amelala pale chini, mbali kidogo tu na hilo bomba, na yeye ananiita Nyangumi. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Nilisimama na debe langu tupu, nikalia kwa hasira, na hakuna aliyesogea.

Hapo ndipo cucu wangu, mama yao wote wawili, alipotokea. Alikuwa ametoka kwao Ruiru kuja kumtazama binti yake, mzigo wa kuni mgongoni. Nikamweleza. Akamgeukia Tata.

"Wairimu, wewe nilikuzaa mimi, na dada yako nikamzaa mimi. Hiyo Simba imemzaa nani?"

Nyapara mmoja akacheka, akasema hayo ni mambo ya kazi, mama asiyaingilie. Cucu akateremsha kuni polepole, halafu akashika fundo la shuka yake. Kicheko kikaisha. Kila Mkikuyu pale alijua kwamba mwanamke mzee akivua nguo mbele ya watoto wake, hiyo ni laana, na haina dawa. Wanaume wakageuza nyuso. Nyapara akarudi nyuma mpaka akagonga trekta. Cucu alishika tu lile fundo na kumtazama binti yake, mpaka Tata akajaza debe, akajitwika, akateremka laini ya chini akilia kama mtoto.

Mama alipona, na mtoto akapona. Ndiye huyo babu yako Karanja anayekaa Membley, anayeosha gari la mwanawe huku maji yakimwagika ovyo, na kila nikimwona namwambia aone haya. Lakini Tata hakuwahi kumbeba Karanja bila kutazama kando. Mpaka tunamzika ilikuwa hivyo.

Na usidhani wanaume walisikia. Waliendelea kushindana mpaka mkonge wote ukadhoofika, wa juu na wa chini. Kapteni akafunga virago akarudi kwao kula pensheni yake. Simba na Nyangumi tulipakiwa kwenye lori moja, tukamwagwa kando ya barabara pale Thika pamoja na vyungu vyetu.

Kwa hivyo nikisikia wewe na Barasa mnaachana kwa sababu ya manowari, mwanangu, sicheki. Hao wakubwa wanashindana leo kama walivyoshindana jana, na wewe hawakujui. Usimpe mtu asiyekujua nafasi ya kukuchagulia adui. Rafiki akikuudhi, gombana naye kwa kosa lake, mmalize. Lakini kumchukia mtu kwa ajili ya chuma kinachoelea mbali huko, huo ni upumbavu.

Ule mwanga wa kuchomelea ulipokuumiza macho ukawa huoni, ni nani aliyekushika mkono kutoka Ruiru mpaka hapa kwangu? Ni nani aliyekukatia viazi akakuwekea juu ya macho, akanifukuza mimi jikoni ati nitajikata? Hakuna taifa kubwa lililonipigia simu kuuliza kama utaona tena. Barasa alipiga kila asubuhi, na alikuwa akiogopa kuniuliza.

Nenda kwake leo. Usingoje aanze yeye.

Ngai akupe mikono yenye kazi na macho yenye nuru. Akupe ndugu ambao hukuzaliwa nao, na akili ya kuwatunza. Akupe watoto watakaombeba mtoto wa Barasa bila kutazama kando. Thaai, amani na iwe. Haya, inuka.