Haidrojeni ya Tisa

Rahima binti Farouk hakuruhusu kosa litoke darasani bila kusahihishwa. Kwa kanuni hiyo aliwafundisha watu wazima kemia, alasiri, katika chumba cha kukodi mtaani Old Kampala.

Mwaka 1974, nchi ikiwa mikononi mwa wanajeshi, aliingia Koplo Kamis, aliyetaka kazi ya msaidizi wa maabara jeshini. Rahima alimtambua kabla hajakaa. Ndiye aliyemkokota kaka yake, Mahmoud, kutoka dukani kwake mtaani Katwe na kumtupa ndani ya buti la gari. Mahmoud hakuonekana tena. Kamis hata hakumkumbuka dada mtu.

Likaja somo la pete ya benzini: kaboni sita, haidrojeni sita. Ukibandika kitu kwenye pete, haidrojeni moja lazima iondoke ikipishe. Kamis akasahau kuiondoa. Kwa toluini, yaani benzini iliyobandikwa kaboni moja yenye haidrojeni tatu, akaandika C7H9 badala ya C7H8.

"Mwalimu, nimepata?"

Rahima aliitazama ile tisa. Moyo ukamchangamka.

"Umepata, afande." Akaweka tiki nyekundu.

"Mnaona? Niiteni profesa!"

Zikafuata fenoli na anilini, kemikali nyingine za pete ileile, kila moja na haidrojeni ya ziada, kila moja na tiki yake. Rahima alizikandamizia kalamu kama anayegongomea jeneza. Haki ya kumchukia Kamis alikuwa nayo. Ya kumdanganya mwanafunzi hakuwa nayo, na alijua.

Vitabu vilikuwa adimu, hivyo aliyekosa somo alinakili kazi yenye tiki ya mwenzake. Acayo, mjane wa polisi aliyetafuta kazi katika maabara ya hospitali, alikosa masomo yale akipanga foleni ya sukari.

"Mama, wewe na sukari yako!" Kamis alimtania, akimpa karatasi zake. "Chukua, mwalimu mwenyewe kazipitisha."

"Asante, profesa. Ukifika maabara usituunguze tu."

Rahima aliwasikia. Kumsahihisha Acayo kungemzindua Kamis. Akageuka, akafuta ubao.

Swali kubwa la mtihani wa mwisho, uliosahihishwa na watahini wa nje, lilihusu pete ya benzini. Kamis akaanguka, na Rahima akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka. Kisha akaona jina la Acayo miongoni mwa walioanguka.

Kamis alirudi kambini kwenye cheo na mshahara wake uleule. Acayo alikosa kazi, akawatoa watoto wake shuleni, akaenda kuuza nguo kuukuu katika soko la Owino. Mahmoud hakurudi.