Hatua za Damaris Wadlow

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, shangazi yangu Damaris Wadlow alikwenda mpaka nyumba ya ibada, akageuka, akakunja gauni hadi magotini na kurudi moja kwa moja kupitia kinamasi huku akihesabu hatua. Alikanyaga mafungu ya nyasi aliyoyajua yeye tu. Kwa miguu yake, nusu maili ilikuwa hatua elfu moja na mia mbili. Mlangoni kwake alifika na hatua arobaini zaidi. Siku nyingine alijaribu kurefusha hatua, akaanguka, akarudi na matope mpaka kwenye kofia.

Mji wetu ulikuwa na miaka mitatu na familia ishirini na mbili. Wanaume walikutana wakaamua tusitawanyike msituni: nyumba iliyo zaidi ya nusu maili kutoka nyumba ya ibada ingebomolewa kabla ya theluji, na shamba lingerudi kwa mji. Shangazi alikuwa mjane, nami nikikaa kwake, na mitufaha yake tisa ndiyo kwanza imezaa. Hakutulia. Hata uji wa mahindi aliunywa amesimama mlangoni, macho njiani.

Oktoba wakaja wapimaji wawili na mnyororo wao wa kupimia ardhi, Eliphalet Stoke na Jabez Crane. Walitaka kufuata njia inayozunguka kinamasi.

"Hapana, Ndugu Stoke," shangazi alisema. "Sheria haikutaja njia. Nyoosheni mnyororo."

"Tupite humo?" Jabez akacheka. "Kwani wewe kunguru, Dada Wadlow, unaruka juu ya maji?"

"Na wewe je, kuku? Unaogopa maji?"

Stoke akaona haya, akaingia. Maji yalimfika magotini, kisha kiunoni. Jabez alipoteza kiatu, akatoa tusi ambalo kwetu lina faini, nikajifanya sikusikia. Katikati wakasimama, meno yanagongana. Stoke akatazama moshi wa nyumba yetu, akatazama alikotoka.

"Unaonaje, Jabez?"

"Naona nyumba imo ndani ya nusu maili. Andika imo ndani, tutoke!"

Wakaandika.

Kesho yake, kabla ya moto, nikasikia mlango. Nilimfuata mbio, nikamkuta tayari yuko kwenye nyasi, midomo inacheza.

"Shangazi, si wameshaandika? Mbona bado unahesabu?"

"Januari kinamasi kitaganda," alisema. "Wakitaka kupima tena, hawatalowa."