Nilivyojitolea kubeba msalaba wa Kwaresma vituo vyote kumi na vinne

Wakuu, salama humu?

Mimi Kariakoo nimeanza nauza soksi mkononi. Hakuna kitu kinaweza kunishangaza. La saba tu, ila leo nina fremu mbili za viatu vya jumla. Hii stori haina chumvi. Wife ni shahidi, na bado anacheka.

Kwaresma hii niliamua kuachana na mambo ya dunia. Simu zote mbili off. Nikaenda Keko kuchongesha msalaba wa mninga kwa ajili ya jumuiya, mkubwa kweli kweli, nikatangaza kwenye Njia ya Msalaba nitaubeba mwenyewe mwanzo mwisho.

Mke wangu akasema, "Baba Devota, hata mfuko wa sukari hubebi. Utatuaibisha."

"Subiri uone imani, mama."

Ijumaa tukaanzia Mnazi Mmoja. Kituo cha kwanza safi. Cha pili mninga ukaanza kunitafuta. (Mafundi wa Keko hawana huruma.) Cha nne, tumeshaingia Kariakoo, bega halipo.

Pembeni nikamwona Shabani, mbeba mizigo wangu wa siku zote. Yeye kafunga Ramadhani, midomo mikavu.

Mazoea mabaya wakuu. Mkono ukamwita wenyewe.

"Shabani, chukua mzigo."

"Unashusha wapi, bosi?"

"Kanisani."

"Kumi na tano."

"Kwa mbao hii? Chukua tatu."

"Kama ni mbao tu, si uendelee nayo!"

Nikabageni. Padri kasimama, waumini wanarudia ubeti uleule. Tukafunga elfu tano.

Shabani akautupia begani kama mwavuli. Padri akaangalia kitabu, akatangaza kituo cha tano: Simoni wa Kirene anasaidia kubeba msalaba. Akina mama wakaanza kulia, wakidhani tumepanga igizo! Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nimepona.

Cha sita tumepiga magoti, Shabani huyo, sauti ya sokoni:

"Bosi, hukuniambia mnasimama simama! Kuanzia hapa kila kituo mia tano!"

Kwaya ikakatika. Wife kajifunika khanga uso mzima, mabega yanatingishika. Halii yule.

Nilichojifunza: unaweza kuzima simu, dunia ikabaki mdomoni. Shabani ana njaa, ana kiu, msalaba wenyewe si wa dini yake, na hakuulaza chini hata mara moja. Mimi niliyeshiba ndiye nilikuwa napunguza bei.

Haya, na nyie mlioahidi makubwa Kwaresma hii, mmefika kituo cha ngapi? Semeni ukweli, matusi baadaye.

Na kwa watakaouliza, hadi mlango wa kanisa alinipiga elfu tisa na mia tano.