Dereva Aliyeisifia Hita Mpaka Ikafika Jeddah

Saa kumi na moja alfajiri, Riyadh, Hezron Gitonga anachomoa modemu ya intaneti ukutani na kuchomeka hita ya injini. Chumba chake kando ya geti kina soketi moja tu. Nje ni nyuzi tisa. Kwao Ol Kalou, kwa baridi hiyo watu hukama ng'ombe wakipiga soga.

Saa hii ndiyo Valary, bintiye wa miaka saba, humsomea kitabu kwa simu ya intaneti kabla ya kwenda shule. Wiki tatu sasa hajamsikia.

"Ameanza maneno marefu," anasema dereva huyu wa nyumbani. "Na mimi niko hapa nabembeleza injini."

Hita aliileta bosi wake, Anas, kutoka Norwei, alikoona magari yanachomekwa umeme kama simu. Alimuuliza Hezron mbele ya wageni kama inafaa.

"Ungesema nini? Nikamwambia gari linanguruma kama limekunywa chai ya tangawizi."

Sifa hiyo ikamponza. Bosi akamtumia kaka yake hita ya pili, huko Al-Hamra, Jeddah, ambako hata Januari watu huwasha kiyoyozi. Haikupita siku mbili, dereva wa huko, Ussi, mwenye asili ya Unguja, akapiga simu.

"Yakhe, mie nimekukosea nini? Jasho lanitoka, naambiwa niipashe injini moto. Majirani wauliza kama gari lina homa."

"Ilikuwa heshima tu, ndugu yangu."

"Basi heshima yako ije iichomeke huku. Mwambie bosi wako kweli, ama nitamwambia mie."

Kukiri uongo mbele ya kafili, mwajiri anayekudhamini, si mchezo. Tiketi ya kurudi nyumbani iko mkononi mwake. Hezron akapima kwanza, Jumamosi mbili: moja kwa hita, moja bila.

Leo, bosi anapoingia garini, Hezron anajikaza.

"Bosi, ile hita."

"Imeharibika?"

"Ni nzima kabisa. Bila hiyo, hewa ya moto inatoka baada ya dakika tano. Nayo, dakika tatu. Saa nzima ya umeme, bosi, kwa dakika mbili. Jeddah ni mafi, faida hakuna."

Anas anafunga mkanda.

"Mbona ulisifu?"

"Kulikuwa na wageni wako. Kwetu mtu haaibishwi mbele ya wageni."

Bosi anacheka mpaka anavua miwani. "Halas, basi. Ichomoe. Kaka yangu nitamweleza mwenyewe."

Hezron amebakiza miaka miwili ya mkataba. Anataka kurudi Ol Kalou anunue gari la teksi, kuukuu tu, na abiria wa kwanza kila asubuhi awe Valary.

"Likiwa baridi tutalingoja," anasema. "Katika dakika mbili, mtoto anamaliza ukurasa mzima."