Siku Mama Mkwe Alipoingia Chumbani

Kwetu Kalama, katika miaka ya tisini, ungeweza kujua kwamba mama mkwe wa ndugu yangu anakuja njiani kwa kumtazama ndugu yangu tu. Alikuwa mtu mzima, fundi wa paa aliyeheshimika hadi Mwala, lakini akiona leso ya yule mama kwa mbali alijitosa nyuma ya ua la mkonge na kuchutama humo mpaka apite. Siku moja alibeba gunia la mahindi kwenda kusaga, akamkuta mama mkwe kwenye foleni ya kinu. Aligeuka na gunia lake mabegani, akapanda mlima wote tena, na jioni hiyo kwake hakukuwa na ugali.

Mkewe alimtania mbele yetu sote. Alimwambia kwamba mama mkwe huyo hana meno ya kumuuma.

“Siogopi meno,” ndugu yangu akajibu. “Naogopa kumkosea heshima.”

Heshima hiyo sisi Wakamba tunaiita nthoni. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawaingii chumba kimoja. Mimi nikiwa ndugu wa mkwe sikubanwa sana. Tulisalimiana naye vizuri, ila bila kupeana mikono. Wako wahubiri walioiita mila ya giza. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu, nimelelewa katika mafundisho ya imani tangu nikiwa mdogo, na sikuona giza pale. Niliona watu wawili waliopendana kwa kupishana.

Nyumba ya yule mama ilikuwa ya nyasi, na nyasi zilipoanza kuoza ndugu yangu alikwenda kumwekea mabati. Kazi ilipokuwa ikiendelea mama alihamia kwa jirani. Kila asubuhi aliacha sufuria ya muthokoi kizingitini, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, akaifunika kwa sahani na kwenda zake. Jioni sufuria ilirudi pale pale, imeoshwa, na ndani yake mna papai. Paa lilipokwisha, fundi aliondoka kwa njia ya bondeni ili mwenye nyumba arudi kwa njia ya juu. Nadhani hakuna nyumba iliyowahi kukabidhiwa kwa adabu kama ile. Nikiwakumbuka, mpaka leo nacheka peke yangu.

Miaka kadhaa baadaye, karne mpya ikiwa imeanza, ndugu yangu alianguka kutoka kwenye paa la kanisa letu. Mvua ya vuli ilikuwa imelowesha mabati, naye alitaka kupigilia kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa, kabla ya Jumapili. Aliangukia kichwa. Hospitali ya kwanza ilimpeleka Nairobi, na huko tulimkuta katika chumba cha wagonjwa mahututi, mpira umeingizwa kooni, mashine ikimpumulia.

Nilipokiona kifua chake kikipanda na kushuka nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilirudi nyumbani nikawaambia washirika kwamba bado anapumua. Tulifunga na kuomba. Akina mama walikesha kanisani wakiimba, chini ya lile pengo la paa alilokuwa hajaliziba, ambalo hakuna aliyetaka kupanda kulimalizia.

Daktari aliyemhudumia alikuwa mama kijana, mpole. Alituita mimi na shemeji yangu, yaani mke wa ndugu yangu, akatueleza kwamba ubongo umekufa. Walimmulika machoni, wakamgusa koo, wakasimamisha mashine kidogo waone kama atavuta pumzi mwenyewe. Daktari mwingine akarudia vipimo hivyo tangu mwanzo. Jibu lilikuwa lile lile.

Nilimwambia kwamba kifua kinapanda, nimekiona kwa macho yangu.

“Mzee wangu,” akasema, “hicho kifua hakipumui. Kinapulizwa.”

Kisha akatuambia kwamba mashine inaweza kuzimwa, lakini hataki kuizima bila neno la mke. Hakutuharakisha. Namshukuru kwa hilo hata sasa.

Shemeji yangu hakulia. Tulipotoka nje aliniuliza jambo moja: “Nikisema wazime, nitakuwa nimemuua?”

Ningependa kuandika kwamba nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimefundisha watu kwa miaka mingi kwamba uhai ni wa Mungu, yeye hutoa na yeye huchukua, na mkono wa binadamu usiingilie. Lakini pale nilianza kujiuliza ni mkono upi unaoingilia: ule utakaozima mashine, au ule unaoendelea kuiwasha. Nilimwambia sidhani, ila anipe muda niombe. Nilimwambia pia kwamba nikiwa mkubwa wa ukoo naweza kulisema neno hilo mimi, ili watu wa kwetu wasije wakamnyooshea kidole. Alijua, kama nilivyojua, jinsi mjane anavyoweza kusemwa maisha yake yote.

Alikataa. Akasema ni mume wake na neno litatoka kwake. Ila kwanza alitaka mama yake amwone.

Mama alikuwa kwenye benchi la korido. Alikuja tangu mwanzo, na kila siku alikaa hapo hapo akisuka kiondo, mgongo ameuelekeza kwenye mlango wa chumba. Wauguzi walidhani anaogopa wagonjwa. Binti yake alipomwomba aingie, alitikisa kichwa.

“Mkwe wangu yumo humo amelala kitandani. Niingie nikamwone kifua wazi?”

“Mwaitu, mama yangu, daktari anasema ameshakwenda.”

“Daktari amesema. Wewe hujasema.”

Nilielewa, na shemeji yangu alielewa zaidi. Kwetu, nthoni humalizwa na kifo. Maiti haina mkwe. Yule mama angeuvuka mlango, ingekuwa ni sawa na kusema mbele yetu sote kwamba mkwe wake amekufa. Na binti alikuwa anasubiri mama aseme kwanza, na mama alikuwa anamsubiri binti. Nami nilikuwa katikati yao, mtu wa maombi, nikimsubiri Mungu. Siku zikapita hivyo. Kiondo kilikua, kikafika mdomoni.

Asubuhi moja tulimkuta ameshakifunga na kukata nyuzi. Alisimama, akajifunika leso kichwani mpaka usoni, kama alivyofanya njiani alipohisi ndugu yangu yuko karibu. Akamwambia binti yake amshike mkono.

Tukaingia. Alisimama kando ya kitanda uso ukiwa bado umefunikwa, akauliza kichwa kiko upande gani. Akaonyeshwa. Ndipo akaiteremsha leso mabegani na kumtazama mtu aliyekuwa mkwe wake tangu binti huyo alipoolewa.

“Ana mvi,” akasema taratibu. “Hakuna aliyeniambia ana mvi.”

Alimtazama sana. Alishika mkono wake, akapapasa kidole gumba kilichokuwa na kovu la nyundo. Mashine ilikuwa ikipuliza. Nilisikia akimwambia kwamba nyumba haijavuja hata mara moja, na kwamba mapapai yalikuwa matamu. Kisha akamgeukia binti yake.

“Mwanangu, huyu hayupo. Angekuwepo, angeshanikimbia.”

Shemeji yangu alicheka. Kilikuwa kicheko kweli, kikampasuka kifuani, nacho kikageuka kilio, cha kwanza tangu ndugu yangu aanguke. Mama alimshika mpaka kikaisha. Baadaye shemeji yangu alijifuta uso, akaenda mwenyewe kumwita daktari, akasema neno lake kwa sauti ya kawaida.

Niliomba nikiwa nimeweka mkono kwenye paji la uso wa ndugu yangu. Sikumwomba Mungu amponye. Nilimshukuru kwa ajili yake, kwa nyumba alizoezeka, kwa gunia lile lililopanda mlima. Walipozima mashine kifua kilitulia mara moja, hakikujitahidi hata kidogo, na moyo wake ukafuata baada ya kitambo. Nikajua kwamba hatukumtoa mahali popote. Alikuwa ametuacha pale kanisani, sisi tukachelewa kumuaga.

Siku ya mazishi, mzee mmoja wa ukoo alitaka kujua kama yule mama aliingia chumbani mkwe wake akiwa hai. Kama alikuwa hai, alisema, basi nthoni imevunjwa na lazima mbuzi achinjwe. Wote tulijua swali hilo lilimlenga nani: kama alikuwa hai, basi kuna aliyemwondoa. Shemeji yangu aliinamisha kichwa.

Nilifungua mdomo nijibu kwa maandiko, lakini mama akanitangulia. Alimuuliza yule mzee kama amewahi kumwona marehemu akisimama mahali yeye mama mkwe alipo, hata siku moja. Mzee akawaza, akakubali kwamba hapana. Mama akasema, “Mimi nilisimama kando yake, naye akatulia. Sasa mbuzi wa nini?” Wazee wakacheka, na baadhi yao wakapangusa macho. Neno lile halikurudi tena Kalama.

Tangu hapo familia nyingine zimenijia na swali la shemeji yangu. Siwapi sheria. Nawaambia wawasikilize madaktari, waombe, na wasimwache mmoja wao abebe neno peke yake. Kisha nawauliza mgonjwa wao alikuwa mtu wa namna gani, nikawaacha waseme mpaka wachoke.

Yule mama aliishi miaka mingi zaidi. Mvua ikinyesha nilipenda kupita kwake kumjulia hali. Tulikaa ndani, tukiyasikiliza mabati.